Duka la vitabu vya dini jirani na soko la Majengo, Dodoma: nilivyokwenda kumtafuta Yunia

Mwezi wa pili mwaka huu, katika darasa la kipaimara ninalofundisha hapa Dodoma, tulifika kwenye sura ya 16 ya Waraka kwa Warumi, sura ambayo wasomaji wengi huipita haraka kwa sababu imejaa salamu na majina magumu kutamka. Tulipofika mstari wa 7, ambapo Paulo anawasalimu Androniko na Yunia na kuwataja pamoja na mitume, binti mmoja aliyeketi karibu na dirisha aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, huyu Yunia ni mama au ni baba?" Nilisoma mstari ule tena, nikausoma mara ya tatu, nisipate neno hata moja la kunisaidia. Kiswahili husema "yeye" kwa mwanamke na kwa mwanamume, "jamaa zangu" wanaweza kuwa mashangazi au maami, na wale "waliofungwa pamoja nami" hakuna awezaye kujua kwa sarufi peke yake kama walikuwa wanawake au wanaume. Nilimwahidi binti yule kwamba ningemletea jibu Jumamosi iliyofuata, na ahadi hiyo ndiyo iliyonifikisha kwenye duka ninalolieleza hapa.

Duka lenyewe halina kibao. Lipo kwenye kichochoro kimojawapo kinachotoka soko la Majengo, katikati ya fundi cherehani na muuza mbegu za alizeti, na mtu asiyeelekezwa anaweza kulipita mara tatu akidhani ni stoo. Ndani ni chumba kimoja kirefu chenye rafu za mbao pande zote mbili, na mwisho wake, chini ya dirisha la nondo, kuna meza moja yenye viti vinne. Vumbi la mji huu tunalijua sote, hasa upepo wa kiangazi unapoanza, lakini kila kitabu nilichokishusha rafuni kilikuwa kimefutwa, na hilo lilinieleza mengi kuhusu mwenye duka kabla sijazungumza naye. Wateja wake wengi ni wainjilisti, makatekista, wanafunzi wa theolojia wa Kongwa na Msalato, na akina mama wa vikundi vya maombi wanaofuata vitabu vya nyimbo.

Mwenye duka ni mzee aliyestaafu ualimu wa shule ya msingi. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee," akaitikia, "Marahaba, mwalimu, karibu," kwa kuwa alikwisha kuiona chaki kwenye mkono wa koti langu, kisha akaniuliza, "Umekuja kununua au umekuja kutafuta?" Mwanzoni nilidhani ananipima mfuko. Baadaye nilielewa kwamba katika duka lile hizo ni huduma mbili tofauti: anayenunua huonyeshwa rafu na bei, akalipa na kwenda zake, anayetafuta huketishwa mezani, huulizwa jina la mtu anayemtafuta na mahali alipolisoma, kisha huletewa vitabu vyote vya dukani vinavyomtaja mtu huyo, bila malipo, kwa sharti kwamba hatakunja kurasa wala kuandika ndani yake hata kwa penseli. Nimeishi Dodoma miaka mingi na sijaona duka jingine linalompa mteja haki ya kukaa na kusoma kabla hajatoa hata senti moja.

Nilipomtajia Yunia, aliniletea Biblia tatu, kamusi mbili za Biblia, moja nene na moja nyembamba, na kitabu cha maelezo ya Waraka kwa Warumi. Biblia ya kwanza ilikuwa Union Version ya mwaka 1952, ambayo wengi wetu tumelelewa nayo. Ya pili Habari Njema. Ya tatu ya Cigogo, lugha ya Wagogo wa hapa. Nilikuwa na matumaini na Cigogo, lakini nacho ni ndugu ya Kiswahili katika jambo hili, hakimtofautishi mama na baba katika kitenzi wala katika kiwakilishi. Mzee alicheka kidogo, akasema, "Lugha zetu zina adabu, mwalimu. Hazimuulizi mtu kama ni mke au mume kabla ya kumpa salamu. Lakini hapa adabu hiyo imetuficha mtu."

Nilichokisoma mezani pale nitakieleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu ndicho kipimo cha kweli cha duka la aina hii. Katika Kigiriki, jina lile katika mstari wa 7 limeandikwa kwa umbo ambalo linaweza kusomwa kama Yunia, jina la mwanamke, au kama Yunias, jina la mwanamume, na tofauti yote ipo katika alama ya mkazo. Nakala za mkono za zamani kabisa ziliandikwa bila alama za mkazo, hivyo haziamui. Kinachoamua ni mambo mengine mawili. La kwanza ni kwamba jina la kike Yunia lilikuwa la kawaida sana katika Roma ya wakati ule na limeonekana katika maandishi zaidi ya 250 ya mji huo, ilhali jina la kiume Yunias halijaonekana popote katika maandishi ya wakati wa Paulo. La pili ni kwamba Yohane Krisostomo, askofu wa Konstantinopoli aliyefariki mwaka 407, ambaye Kigiriki kilikuwa lugha yake ya kuzaliwa, alimsifu Yunia waziwazi kuwa ni mwanamke, akastaajabia hekima yake hata akahesabiwa miongoni mwa mitume. Walioanza kumfanya kuwa mwanamume walikuja karne nyingi baadaye, na sababu yao kubwa ilikuwa kwamba hawakuweza kukubali neno "mitume" likae karibu na jina la mwanamke. Upo pia mjadala wa pili, kama maneno ya Paulo yana maana kwamba Androniko na Yunia walikuwa maarufu wakiwa mitume wenyewe, au walifahamika vizuri kwa mitume, na kitabu cha maelezo kiliuweka mjadala huo mbele yangu kwa haki, bila kunilazimisha upande.

Jambo lililonigusa zaidi halikutoka katika kamusi, bali katika Biblia zenyewe zilipofunguliwa pamoja juu ya meza. Watafsiri wa Union Version waliujua upungufu huu wa lugha yetu na mara nyingine waliuziba: Hulda, ambaye wajumbe wa mfalme Yosia walimwendea kuuliza neno la Bwana baada ya kitabu cha torati kuonekana hekaluni, ameitwa "nabii mke", Ana, aliyekuwapo hekaluni mtoto Yesu alipoletwa, naye ameitwa hivyo hivyo, na katika sura ile ile ya 16 ya Warumi, mwanamke wa Kenkrea aliyetajwa kwanza kabisa ameitwa "dada yetu". Lakini Yunia hakupewa alama yoyote. Kwa hiyo swali la binti yangu wa kipaimara halikutokana na ujinga wake, lilitokana na usomaji makini wa Kiswahili alichowekewa mbele yake, na ninafurahi kwamba sikumjibu kwa kubahatisha.

Sasa niseme juu ya bidhaa zenyewe. Kitabu ambacho ningemshauri kila mwalimu wa darasa la dini akinunue kwanza ni itifaki ya Biblia, yaani kile kitabu kinachopanga maneno na majina ya Biblia kwa alfabeti na kuonyesha kila mahali yanapopatikana. Niliinunua kwa shilingi 35,000 na tangu siku hiyo haijalala kabatini. Lakini mnunuzi ajue mapema jambo ambalo mimi nililijua kwa kuhangaika: itifaki hiyo inafuata tahajia ya Union Version peke yake. Yule dada wa Kenkrea katika Union Version anaitwa Fibi, na katika Habari Njema anaitwa Foibe. Mwanafunzi mwenye Habari Njema akimtafuta Foibe kwenye itifaki hatamwona, atadhani hayupo, na huenda akaacha kutafuta. Nilimweleza mzee, naye akafungua droo akatoa karatasi mbili alizozipiga chapa mwenyewe, zenye safu mbili za majina, tahajia ya zamani upande mmoja na tahajia mpya upande wa pili, akanipa nakala pamoja na itifaki bila kuongeza bei. Karatasi hizo zimenifaa kuliko baadhi ya vitabu nilivyovilipia pesa nyingi.

Kamusi zile mbili nilizijaribu kwa jina moja tu, Mefiboshethi. Watu wengi wanamfahamu Mefiboshethi mwana wa Yonathani, yule aliyekuwa kiwete wa miguu na aliyekula mezani pa Daudi, lakini katika sura ya 21 ya Samweli wa Pili wapo Mefiboshethi wawili katika mistari miwili inayofuatana: mmoja ni huyo wa Yonathani, ambaye mfalme alimhurumia, na wa pili ni mwana wa Sauli kwa suria wake Rispa, ambaye hakuhurumiwa. Kamusi nyembamba, ya shilingi 12,000, imewachanganya hao wawili kuwa mtu mmoja, na mtu akiifuata ataambiwa kwamba Daudi alimwokoa na kumtoa auawe mtu yule yule. Hilo ni kosa zito katika kitabu ambacho kazi yake ni majina. Kamusi nene, ya shilingi 60,000, imewatenganisha vizuri, na imeeleza hata kwamba wale wana watano wengine waliouawa siku ile nakala nyingi za Kiebrania huwaita wana wa Mikali na nakala nyingine chache huwaita wana wa Merabu. Nilinunua ile nene kwa awamu mbili. Mzee aliniandikia kwenye daftari lake la madeni, akanipa kitabu siku ile ile.

Na kwa kuwa nimemtaja Rispa, siwezi kumpita. Kulikuwa na njaa ya miaka mitatu katika siku za Daudi, Wagibeoni wakadai damu ya nyumba ya Sauli kwa ajili ya watu wao waliouawa, na watu saba wakatolewa wakauawa mlimani mwanzoni mwa mavuno ya shayiri. Wawili kati yao walikuwa wana wa Rispa. Hakuna popote katika Maandiko ambapo mwanamke huyu ametamka neno. Alichukua nguo ya gunia akaitandika juu ya mwamba, akakaa pale tangu mavuno yalipoanza hata mvua ilipowanyeshea, na muda wote huo hakuwaacha ndege watue juu ya maiti mchana wala wanyama wa mwituni wazifikie usiku. Habari zilipomfikia Daudi, ndipo alipokwenda kuitwaa mifupa ya Sauli na Yonathani kutoka Yabesh-gileadi, mifupa ya wale saba nayo ikakusanywa, na Sauli na mwanawe wakazikwa katika kaburi la Kishi, baba yake Sauli. Maandiko yanasema kwamba baada ya hayo Mungu aliisikiliza nchi.

Nilipolisoma simulizi hili darasani sikuhitaji kueleza kitu. Watoto wa Dodoma wanajua maana ya kuwinga ndege. Wengi wao wamewahi kukaa juu ya dungu katika shamba la uwele tangu alfajiri, wakipiga debe na kurusha mawe kwa kombeo, kwa sababu kwelea kwelea wakishuka mara moja tu chakula cha mwaka kimekwisha, na wanajua jinsi mikono inavyochoka ifikapo saa nne asubuhi na jinsi mtoto asivyoruhusiwa kushuka hata akiwa na kiu. Wanajua pia umbali uliopo kati ya mavuno na mvua katika nchi kavu. Mvulana mmoja kutoka upande wa Mvumi alihesabu kwa vidole, mwezi kwa mwezi, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba kama Rispa alisubiri mvua ya msimu, basi yule mama alikaa mwambani kiangazi kizima. Nimekuwa nikifundisha kwa muda mrefu, na sijawahi kuona darasa likinyamaza namna ile.

Mtu wa tatu niliyemtafuta katika meza ile ni Ebedmeleki, Mkushi aliyekuwa towashi katika nyumba ya mfalme Sedekia. Wakuu wa Yerusalemu walimshusha nabii Yeremia katika shimo lisilokuwa na maji ila matope, naye akazama katika matope hayo. Hakuna mzaliwa wa mji aliyemtetea isipokuwa huyu mgeni, aliyemwendea mfalme hadharani langoni, akapewa watu 30, akaenda kumtoa. Kamusi nene inaeleza kwamba jina lake maana yake ni "mtumishi wa mfalme", na kwa hiyo yawezekana kwamba lilikuwa jina la cheo na kwamba jina alilopewa na mama yake halikuandikwa. Inaeleza pia kwamba Kushi ya Biblia ilikuwa nchi ya kusini mwa Misri, katika eneo ambalo leo kwa sehemu kubwa ni Sudani, na kwamba tafsiri zinazosema "Mwethiopia" zinafuata desturi ya Kigiriki na wala hazimaanishi Ethiopia ya leo. Maelezo hayo hayo yanamhusu yule towashi wa sura ya 8 ya Matendo ya Mitume, ambaye alikuwa mtumishi wa Kandake, na Kandake nalo si jina la mtu bali ni cheo cha malkia wa Meroe, mji mkuu wa Kushi hiyo.

Hayo yote ni maarifa mazuri, lakini mzee aliniongezea kitu ambacho kamusi ilikuwa imekipita. Alinisomea ule mstari unaosema kwamba Ebedmeleki alikwenda kwanza kwenye chumba kilichokuwa chini ya hazina, akachukua matambara na nguo zilizochakaa, akamshushia Yeremia kwa kamba na kumwambia ayaweke makwapani chini ya kamba. Kisha mzee akasimama, akavua koti, akachukua kitambaa chake cha kufutia vitabu akakikunja na kukiweka kwapani, akaniambia, "Mimi nimechimba visima. Mtu akivutwa kwa kamba kutoka matopeni bila kitu hapa, nyama inachanika." Tangu siku hiyo siwezi kumfikiria Ebedmeleki bila kuyaona yale matambara, kwamba katika mji uliozingirwa na adui, wenye njaa, mtu alikumbuka kwapa la mfungwa.

Huduma bora kuliko zote dukani pale haiuzwi. Mzee ana daftari kubwa la jalada gumu ambamo kwa miaka mingi amekuwa akiandika, kwa mwandiko wa mwalimu wa darasa la kwanza, majina ambayo wateja walikuja kuyatafuta na yale waliyoyapata. Humo nilimkuta Tertio, mwandishi aliyeuandika Waraka kwa Warumi kwa mkono wake Paulo alipokuwa akisema, na ambaye ameingiza salamu yake mwenyewe katika mstari mmoja tu. Jina lake kwa Kilatini lina maana ya "wa tatu", na jirani yake katika mstari unaofuata, Kwarto, ni "wa nne". Nilimkuta Erasto, wakili wa mji, pamoja na maelezo kwamba mwaka 1929 wachimbaji wa mambo ya kale walipata huko Korintho jiwe lenye jina la Erasto mmoja aliyetandaza njia ya mawe kwa gharama yake, ingawa wataalamu hawajakubaliana kama ni mtu huyo huyo. Nilihesabu pamoja na mzee watu waliosalimiwa kwa majina yao katika sura ile ya Warumi, tukapata 24.

Daftari hilo lina faida moja ambayo hata kamusi nene haina, nayo ni kwamba linaendelea kuandikwa. Kamusi zote mbili za dukani ni matoleo ya zamani, na mtu anayemtafuta Sarsekimu wa sura ya 39 ya Yeremia, mmoja wa wakuu wa Babeli walioketi katika lango la Yerusalemu, ataona tu kwamba ni mtu asiyejulikana. Mzee alikuwa amebandika humo kipande cha gazeti: mwaka 2007 Michael Jursa, mtaalamu kutoka Vienna, alisoma kibao kidogo cha udongo kilichokuwa kimehifadhiwa British Museum jijini London, akakuta jina la mkuu huyo na cheo chake, mkuu wa matowashi, katika stakabadhi ya dhahabu iliyopelekwa hekaluni Babeli mwaka wa 10 wa Nebukadreza, yaani mwaka 595 KK. Ugunduzi huo ulionyesha vilevile kwamba tafsiri nyingi za zamani zilikata majina ya mstari ule mahali pasipostahili, zikaiunganisha "Nebo" na jina lililotangulia badala ya kuiunganisha na Sarsekimu. Mtu ambaye kwa miaka zaidi ya 2,500 alikuwa jina gumu katika orodha ya maadui, sasa ana risiti yake.

Kasoro zipo, na si haki kuzificha. Kitabu cha maelezo ya Warumi nilichokinunua kilikuwa kimejalidiwa vibaya, kurasa 16 zimerudiwa na kurasa nyingine 16 hazimo kabisa, na kwa bahati mbaya zilizokosekana ni pamoja na sehemu ya sura ya 16. Nilikirudisha siku iliyofuata, mzee akakipokea bila ubishi, lakini nakala mbadala ilipaswa kuagizwa kutoka Dar es Salaam na niliisubiri kwa wiki tano, ingawa niliambiwa wiki mbili, na katika muda huo hakuna aliyenipigia simu kunieleza. Risiti huandikwa mteja akiomba tu. Umeme ukikatika, meza ya kusomea ipo gizani baada ya saa kumi jioni, kwa kuwa lile dirisha la nondo ni dogo na linatazama ukuta. Na jambo linaloniuma kuliko hayo ni kwamba robo tatu ya vitabu vya maelezo vilivyopo ni vya Kiingereza, hivyo katekista wa kijijini aliyesoma hadi darasa la saba anaweza kuketi mezani pale na bado alitegemee kabisa jicho la mzee. Mzee humsomea na kumtafsiria, nimemwona akifanya hivyo kwa saa nzima, lakini ni mtu mmoja na ana umri.

Rafu ya historia ya kanisa la hapa kwetu ndiyo dhaifu kuliko zote. Wamisionari wa CMS (Church Missionary Society), chama cha Kianglikana cha Uingereza, walikuwa wamefika Mpwapwa tangu miaka ya 1870, Dayosisi ya Tanganyika ya Kati ilianzishwa mwaka 1927, na mwaka 1955 Yohana Omari aliwekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza Mwafrika katika kanisa la Anglikana Tanganyika, akihudumu katika dayosisi hiyo hiyo. Nilitarajia duka lililopo katikati ya Dodoma liwe na kitu juu yake. Lilikuwa na vijitabu vichache vya Central Tanganyika Press, wachapishaji wa mji huu huu, na picha moja ya zamani ya kundi la wainjilisti mbele ya kanisa la udongo, ambayo nyuma yake majina ya wazungu wawili yameandikwa kamili na Wagogo tisa wameandikwa "wasaidizi". Mzee ameibandika picha hiyo karibu na kaunta, na chini yake ameweka karatasi na kalamu ili yeyote atakayemtambua babu yake aandike jina. Hadi nilipokwenda mara ya mwisho yalikuwa yameandikwa majina matatu.

Jumamosi niliyoiahidi nilimpa binti yule jibu lake, pamoja na sababu zake zote mbili na lile jambo la nabii mke na dada yetu. Alinisikiliza, akafungua Biblia yake ya Union Version, akaandika kwa penseli pembeni mwa mstari wa 7, kwa herufi ndogo: "mke". Nilimwambia kwamba katika duka lile asingeruhusiwa kufanya hivyo.

Duka hufunguliwa Jumatatu hadi Jumamosi, saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na hufungwa kwa muda wa ibada ya mchana siku za Jumatano. Malipo ni taslimu au kwa simu. Anayekwenda kutafuta aende asubuhi wakati meza ina mwanga, achukue Biblia yake mwenyewe na jina moja au mawili aliyoyaandika pamoja na sura na mstari, aombe karatasi ya tahajia mbili hata kama hanunui itifaki, na kamusi nyembamba aiache rafuni.